Kibiriti, Mtunza Taa

Jina lake la ubatizo lilitumika siku ya ubatizo wenyewe na siku ya ndoa. Siku nyingine zote watu walimwita Kibiriti, kwa sababu mbili. Mfuko wa shati lake haukukosa kibiriti hata siku moja, ingawa hakuvuta sigara. Na alikuwa mtu wa kuwaka upesi. Kibiriti cha mfukoni kilikuwa cha taa ya kanisa. Ule mwako mwingine ulikuwa wake mwenyewe.

Alikuwa fundi viatu. Kibanda chake cha mabati kilitazamana na lango la parokia, na ndani yake palikuwa na nafasi ya fundi, kigoda cha mteja na rundo la viatu vilivyosubiri wenyewe. Soli zilizokwisha kukatwa zilining'inia ukutani kwa uzi mmoja, na mkebe wa gundi ulikaa mlangoni penye jua. Mteja aliyekuja kudai kiatu kabla ya siku yake aliambiwa, "Mguu wako una haraka, mkono wangu hauna," naye aliondoka akinung'unika, lakini alirudi siku iliyosemwa na kukikuta kiatu tayari. Fundi huyu hakudanganya wateja. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa yanayofuata si habari ya mtu mwongo.

Hiyo ilikuwa kazi ya tumbo. Kazi ya moyo ilikuwa ng'ambo ya barabara, katika sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare ambamo mavazi ya padri na vyombo vya Misa hutunzwa. Hakulipwa. Alfajiri alifungua milango ya kanisa, akapiga kengele, akafuta vumbi, kisha akavuka kwenda kwenye nyundo yake. Jioni alirudi. Jumanne aliwapangia viti akina mama wa Legio ya Maria, chama cha rozari, Jumatano aliwasha mishumaa ya sala za novena, Alhamisi alikaa na watu katika saa ya kuabudu, Jumamosi aliwasimamia waliofagia na kupiga deki, na Jumapili alisimama pembeni mwa altare akitazama kila kitu kwa jicho la mtu aliyekipanga mwenyewe.

Zaidi ya yote alitunza taa. Kando ya tabernakulo, yaani kile kisanduku chenye mlango ambamo Sakramenti Takatifu huhifadhiwa, huwaka taa ndogo usiku na mchana. Ya parokia hii ilikuwa ya mafuta, katika glasi nyekundu, na utambi wake alikuwa akiupunguza kwa mkasi ule ule aliokatia nyuzi za viatu. Maana ya taa ni moja: Bwana yumo. Asipokuwemo, taa huzimwa. Tangu Kibiriti alipokabidhiwa kazi ile, taa haikuwa imezimika, na kila mtu alilijua hilo kwa kuwa alilisema mwenyewe.

Kwa kuwa Bwana yumo, apitaye mbele yake hupiga goti. Hapo ndipo Kibiriti alipopatia umaarufu wake. Mtu akipita akiinamisha kichwa tu, au akikunja goti nusu kama anayekwepa dimbwi, sauti ilitoka sakristia: "Goti! Yumo!" Bibi harusi alirudishwa na shela lake lote. Mwalimu mkuu wa shule alirudishwa mbele ya wanafunzi wake. Wanakwaya walisema hata panya wa kanisa walipiga goti Kibiriti akikohoa.

Kanuni yenyewe ni njema, na asiyeipenda ajiulize anamwendea nani anapoingia kanisani. Lakini mtu aweza kuitetea kanuni njema mpaka akasahau kwamba naye yuko chini yake.

Dada yake mkubwa aliijua kanuni hiyo kuliko wengi. Mama yao alipofariki Kibiriti alikuwa bado wa kubebwa, na aliyembeba ni dada huyu. Alimlisha, akamfundisha ishara ya msalaba, akamtafutia hata fundi wa kumfunza viatu. Alikuwa dobi katika hospitali, mwanamke wa maneno machache na mikono iliyochunwa na sabuni. Miaka kadhaa kabla ya mambo haya, siku ya Misa ya kumwombea mama yao, dada aliingia akiwa amemshika mkono shangazi yao mzee asiyeona vizuri, akakatiza mbele ya tabernakulo ili amfikishe kwenye benchi.

"Goti!" ilisema sauti.

Dada akaendelea kumkalisha shangazi.

"Dada! Goti! Yumo!"

Kanisa zima liligeuka. Dada alimkalisha shangazi, akamwekea mkoba mapajani, akasema bila kupaza sauti, "Goti langu si la kwako," akatoka. Hakurudi tena. Kibiriti naye hakumfuata, kwa kuwa aliona kwamba ukweli ulikuwa upande wake. Tangu siku ile ndugu hao wawili walisalimiana kupitia kwa mke wa Kibiriti. "Mmenigeuza posta," mke alilalamika. "Siku moja nitawatoza stempu."

Sasa tufike kwenye wiki yenyewe.

Majuma machache kabla yake, katekista wa parokia alikuwa ameleta wazo katika halmashauri. Alikuwa kijana nadhifu, mpenda mambo mapya, na alisema taa ya mafuta inatia ukuta masizi. Afadhali iwekwe balbu ndogo nyekundu ya umeme. Kibiriti aliinuka akiwa amekwisha kuwaka.

"Na umeme ukikatika, Bwana akae gizani kama mpangaji asiyelipa?"

Watu walicheka, na mwenyekiti akakata shauri: mafuta yaendelee, mradi taa isizimike. Siku itakapozimika, balbu itawekwa. Tangu hapo Kibiriti hakumtazama katekista usoni. Kiatu cha katekista, kilicholetwa kubadilishwa soli, kilisogezwa chini kabisa ya rundo.

Jumatatu asubuhi Baba Paroko alikuwa akienda mafungo ya kiroho ya mapadri, mpaka Jumamosi. Akiwa amekwisha kufunga begi, alipita kanisani kusali, akaona vumbi jekundu ukutani nyuma ya tabernakulo. Mchwa walikuwa wamepanda kwa ndani. Sakafu ya kisanduku ilibonyea kwa kidole, na kitasa kililegea. Akaihamisha Sakramenti Takatifu kwenye kikanisa cha masista, akaipuliza taa ikazimika, kisha, kwa mazoea ya mkono, akaurudisha mlango wa tabernakulo. Kwa desturi ikiwa tupu huachwa wazi, ili mtu asikosee. Gari lilikuwa likipiga honi. Kibiriti alikuwa amekwenda kununua ngozi. Padri akamwona katekista langoni.

"Mwambie Kibiriti Sakramenti iko kwa masista. Taa isiwashwe mpaka nirudi. Seremala nimekwisha kumwambia, atakuja Jumamosi."

"Nitamwambia, Baba."

Na kweli alikwenda kumwambia. Mchana alisimamisha baiskeli mbele ya kibanda. Kwenye kigoda alikaa mteja mmoja, mguu mmoja peku.

"Tumsifu Yesu Kristo, Fundi."

"Milele, amina. Kiatu chako bado."

"Sikuja kwa kiatu. Nimekuja kwa habari ya taa."

Nyundo ilibaki hewani. "Habari ya taa iliisha kwenye halmashauri."

"Nisikilize kwanza. Baba Paroko amesema..."

"Neno la Baba Paroko nitalisikia kinywani mwa Baba Paroko. Wewe kabalbu kako kapeleke jikoni kwako, kakuonyeshe sufuria."

Mteja wa mguu peku aliangua kicheko. Katekista alikaza midomo. Angeweza kulisema neno lake kwa sauti, hata kwa hasira, akaenda zake. Lilikuwa neno fupi. Badala yake alipanda baiskeli.

"Sawa, Fundi. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akaenda vigangoni, kwenye makanisa madogo ya vijijini, kufundisha watoto wa Kipaimara wiki nzima. Ujumbe si mali ya tarishi, na hana ruhusa ya kuumeza kwa sababu ameudhiwa. Lakini pia mtu hawezi kuziba masikio kisha akalaumu ukimya.

Jioni Kibiriti aliingia kanisani na kukuta glasi nyekundu imekuwa nyeusi.

Alisimama palepale, mkono ukiwa umegusa maji ya baraka. Kisha akasogea. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Jumamosi alisahau kuongeza mafuta. Aliishusha glasi, akaitazama. Mafuta yalikuwepo, zaidi ya nusu. Utambi ulikuwa mzima. Taa iliyokufa kwa njaa huacha glasi kavu, na hii ilikuwa imeshiba. Akajisemea kwamba ni upepo. Akatazama dirisha la upande ule: lilikuwa limefungwa. Akarudia kujisemea kwamba ni upepo.

Nyumba ya masista ilikuwa hatua chache nyuma ya kanisa. Angebisha hodi akauliza, wangemjibu kabla hajamaliza. Lakini kuuliza kulikuwa kukiri kwamba taa imezimika, na taa ikizimika, balbu inaingia. Alitoa kibiriti mfukoni, akageuza kichwa kuangalia kama kuna mtu, akawasha. Kisha akapiga goti mbele ya kisanduku kisichokuwa na kitu ila mchwa, akatoka.

Nyumbani alikula bila kusema.

"Nani kakukanyaga leo?" mkewe aliuliza.

"Hakuna."

"Basi huyo Hakuna ana mguu mzito."

Jumanne akina mama wa Legio walisali rozari yao wakiitazama taa. Kibiriti alimrudisha mmoja wao, aliyekuwa amebeba maua mikono miwili. "Goti, mama. Yumo." Mama yule akashuka na maua yake.

Jumatano, novena ilipokuwa ikielekea ukingoni, dada yake alipita barabarani akitoka kazini. Wiki ile daktari alikuwa amemwambia kwamba ana uvimbe titini na kwamba utatolewa Jumanne inayofuata; ni wa namna gani, watajua wakishautoa. Hakuwa amemwambia mtu ila wifi yake, mke wa Kibiriti, na alimwapisha asitoe neno. Mlango mkubwa wa kanisa ulikuwa wazi. Kutoka barabarani ilionekana nukta moja nyekundu mwisho kabisa. Alisimama kidogo na kapu lake, kisha akaingia.

Kibiriti alimwona kutoka mlango wa sakristia. Alimwona akija katikati hadi mbele, akishika ukingo wa benchi na kushuka kwa magoti yote mawili, pole pole, kama mtu anayeteremka kisimani. Watu wa novena waliondoka. Yeye alibaki. Kibiriti alizima mishumaa mmoja mmoja, na alipomaliza, hakuwa na la kufanya ila kusogea.

"Dada."

"Usiniambie goti. Nimeshapiga yote mawili."

"Sijasema kitu."

"Afadhali."

Alikaa kwenye benchi, akamweleza habari ya uvimbe kwa maneno machache, kama anayetaja bei ya sabuni. Kibiriti aliketi kwenye benchi la mbele yake.

"Nilikuwa napita tu," dada alisema. "Sikuwa na nia ya kuingia. Nikaona taa inawaka. Nikasema, basi, Mwenye nyumba yumo. Mengine nitayasema huko huko ndani."

"Umesema?"

"Nimesema. Kwa mara ya kwanza tangu daktari yule afungue mdomo, nina njaa." Akachukua kapu. "Kesho nitakuja tena. Jumamosi nitaungama, Jumapili nipokee Komunyo. Usinipangie kiti."

Usiku ule Kibiriti alimsimulia mkewe yote, ila habari ya taa kuzimika. Moyoni alijipongeza. Kama angeiacha ile taa imekufa Jumatatu, dada angepita barabara yake. Kwa hiyo alifanya vyema, tena labda aliongozwa. Ndivyo tunavyofanya sisi wanadamu: kosa likizaa tunda tamu, hulivika kosa lenyewe kanzu nyeupe.

Alhamisi dada alikuja, akaabudu saa nzima pamoja na wengine.

Jumamosi asubuhi waliofagia walikuwa wamekwisha kuondoka na sakafu ilikuwa bado na unyevu seremala alipoingia. Hakuwa Mkatoliki, wala hakujisingizia. Alikuwa na msumeno begani na penseli sikioni, na alikatiza moja kwa moja hadi kwenye tabernakulo, akaweka sanduku la vyombo chini kwa kishindo.

"Goti!" Kibiriti alitoka sakristia mbio. "Wewe! Goti! Yumo!"

Seremala aligeuka. "Yumo nani?"

"Unauliza nani? Huoni taa?"

"Taa naiona. Mwenyewe alihamishwa Jumatatu. Baba Paroko hakukwambia? Humu wamo mchwa tu." Akavuta kilango kwa kidole kimoja. Kilifunguka bila ufunguo. "Haya, tazama. Kama ni hawa ndio wa kupigiwa goti, mimi siwezi, nimekuja kuwaua."

Ndani palikuwa na unga wa mbao, njia za udongo kwenye kona, na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Kibiriti alitazama. Kisha akaitazama taa. Seremala, ambaye alikuwa mtu wa utani lakini si mtu mbaya, aliona uso wa mwenzake ukibadilika, akaondoa penseli sikioni na kuanza kupima mbao kimya kimya.

Kibiriti hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mafuta zaidi ya nusu, utambi mzima, dirisha lililofungwa, katekista na baiskeli yake: vyote vilijipanga. Alinyanyua mkono, akaibana taa kwa vidole vyake vya fundi. Ikazimika na moshi mwembamba.

Baba Paroko alirudi kabla ya saa sita. Alimkuta Kibiriti ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya mapadri. Kibiriti alisema kila kitu, pamoja na habari ya mafuta na dirisha. Padri alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Watu walisali?"

"Wiki nzima, Baba. Rozari, novena, kuabudu."

"Mungu aliona nyoyo zao. Hafungiwi na mbao." Akashusha pumzi. "Na mimi niliurudisha ule mlango, sikupaswa. Katekista nitasema naye. Tuliache hapa, Fundi. Leo jioni narudisha Sakramenti, taa unaiwasha, watu wasitiwe wasiwasi bure."

Lilikuwa shauri la upole, na aliyelitoa alikuwa na mamlaka ya kulitoa. Kibiriti alitoka amepata nafuu. Alivuka barabara, akaketi mbele ya nyundo, akachukua kiatu. Akakiweka. Kilichomsumbua si akina mama wa Legio, wala si novena. Ni lile neno, "Nikaona taa inawaka." Jioni dada angekuja kuungama, kesho kupokea, Jumanne angelazwa kitandani akiwa ameshikilia mazungumzo yale ya Jumatano. Akinyamaza, ataendelea kuyashikilia. Akisema, huenda asimwone tena kanisani, na huenda akampeleka chumba cha upasuaji mikono mitupu. Kunyamaza kulifanana sana na huruma. Lakini Kibiriti alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja wiki ile, na alijua kunafananaje.

Akafunga kibanda mchana, jambo ambalo majirani walilizungumza.

Sehemu ya udobi ya hospitali ilikuwa nyuma ya jengo, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyolowa. Upande mmoja mashine zilinguruma, upande wa pili shuka zilizokauka zilirundikwa mezani kama matuta. Mvuke ulitanda hadi darini. Dada yake na mwenzake, mwanamke mnene mwenye kilemba, walikuwa wakikunja.

"Jamani, leo tumeletewa mwanamume!" mwenye kilemba alisema. "Shika ncha, baba, usiogope, haiumi."

"Ni mdogo wangu," dada alisema. "Mpishe."

Kibiriti alishika ncha mbili, dada mbili. Shuka hukunjwa na watu wawili hivi: mnavuta, mnakunja kwa urefu, mnaendeana mpaka mikono ikutane, mmoja anamwachia mwenzake, kisha mnarudi nyuma na kuanza nyingine. Walikunja ya kwanza. Katika ya pili, walipokutana, Kibiriti alisema.

"Dada, ile Jumatano tabernakulo ilikuwa tupu."

Dada hakuachia ncha. "Tupu vipi?"

"Sakramenti ilihamishiwa kwa masista tangu Jumatatu. Mchwa waliingia. Taa ilizimwa. Mimi nikaiwasha."

"Kwa hiyo nilizungumza na mchwa."

"Baba Paroko anasema Mungu alikusikia."

"Sijakuuliza Baba Paroko anasema nini. Wewe ulijua?"

"Sikujua kwamba hayumo." Alinyoosha ncha ya shuka. "Nilijua kwamba mafuta hayakuisha."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya balbu."

Ilibidi aeleze habari ya balbu, na ilipoelezwa ndani ya mvuke ule, kati ya shuka za wagonjwa, ilikuwa ndogo hata yeye aliona. Mwenye kilemba alicheka mpaka akaegemea meza. Dada hakucheka. Aliichukua shuka, akaimalizia mwenyewe juu ya kifua, akaipiga kofi ilale.

"Mimi nilikubeba mgongoni," alisema. "Ukanikojolea, sikukutangaza. Siku moja nikapita na shangazi asiyeona vizuri, ukanitangaza mbele ya watu wote, siku ya mama yetu. Leo lako umelileta huku, kwenye mvuke, mahali hata mtu akipiga kelele hasikiki."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sitaki kitu. Shika ncha."

Wakakunja nyingine. Walipokutana mikono, dada alisema, "Pale uliponisemea mimi, ujisemee wewe. Kesho nitakuwa benchi la mwisho. Usipoinuka, nitakwenda Jumanne na sala zangu za nyumbani. Hazikunipungukia miaka yote hii."

Kibiriti alirudi kwa Baba Paroko jioni, baada ya maungamo.

"Utachekwa," padri alisema.

"Nitachekwa."

"Halmashauri itakumbuka balbu."

"Iikumbuke, Baba."

Padri alikubali: iwe wakati wa matangazo, na asirefushe.

Jumapili tabernakulo ilikuwa na sakafu mpya inayonukia mbao, Sakramenti ilikuwemo, na taa iliwaka kwa haki. Dada alikaa benchi la mwisho na kapu lake. Wakati wa Komunyo hakusogea. Kibiriti alimwona hakusogea. Baada ya sala, watu walipoketi kusikiliza matangazo, alikuja mbele, akapiga goti, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama kiatu kinachovuja.

"Wiki hii yote mlipiga goti mbele ya sanduku tupu," alisema. "Baba Paroko alikuwa ameihamisha Sakramenti na kuzima taa. Mimi niliiwasha bila kuuliza. Niliona dalili kwamba imezimwa kwa mkono, nikazinyamazia, ili isisemwe kwamba taa yangu imezimika. Nilimletea katekista kiburi alipokuja kuniambia. Na wengi wenu nimewaita kwa sauti humu ndani, kwa ajili ya magoti. Wa kwanza wao ni dada yangu. Nilimwaibisha humu. Naomba radhi humu."

Bibi mmoja wa Legio akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Kwa hiyo Alhamisi yangu imepotea?"

"Haikupotea, mama," Baba Paroko alisema kutoka kitini. "Iko kwa Mungu. Kaa."

"Na maua yangu?" alisema mwingine, na hapo kwaya ikashindwa kujizuia, kicheko kikapita benchi kwa benchi mpaka mlangoni. Kibiriti alikaa nacho mpaka kilipoisha. Katekista alikuwa akitazama viatu vyake. Naye alikuwa na neno la kusema siku ile. Hakulisema, na hesabu hiyo ni yake.

Halmashauri ilikutana uani mara tu baada ya Misa, na balbu ikapita bila mabishano. Mwenyekiti alikuja sakristia kumwarifu. Itafungwa fundi umeme atakapopatikana. Kibiriti alijibu kwamba kauli ni kauli.

Jumanne ile dada yake alipasuliwa, uvimbe ukatolewa wote, na baadaye ikaonekana haukuwa wa kutisha. Lakini hayo yalikuwa bado mbele, na Jumapili ile hakuna aliyeyajua.

Watu walipokwisha kutawanyika, Kibiriti alichukua mkasi na chupa ya mafuta, akaenda kwenye taa. Alikuwa ameishusha glasi na kuanza kupunguza utambi aliposikia ndala zikija kutoka nyuma ya kanisa. Hazikuelekea mlangoni. Zilikuja katikati, pole pole, zikasimama mahali pale ambapo watu hupiga goti.

Mgongo wake ulikuwa upande huo. Kwa miaka yote ya kazi ile, ndala zikisimama pale, yeye aligeuka. Sasa alishika utambi, akakata ncha nyeusi, akamimina mafuta kidogo, akangoja yatulie, akamimina tena. Nyuma yake mbao ya benchi ililia kama inayoegemewa na mtu anayeshuka pole pole. Kisha kimya kirefu. Kisha mbao ikalia tena.

"Kibiriti," dada alisema.

"Naam, dada."

"Baba Paroko yuko wapi? Nataka kuungama. Jana sikuja."

"Yuko ofisini. Atakusikiliza."

"Na Jumanne mje mapema, wewe na wifi. Wanaanza asubuhi."

"Tutakuja."

Ndala zilianza kwenda kuelekea ofisini, zikasita.

"Hukugeuka?"

"Sikugeuka."

"Vizuri," alisema dada, akaenda. Kibiriti akairudisha glasi mahali pake.